Baba Mkwe, Walikuchagulia Kinachong'aa

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Hii ni mara ya kwanza nakuamkia mwenyewe. Miaka yote niliyokuwa mkamwana wako, shikamoo yangu ilipitia kwa mama. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nikamwambia, "Mama, nisalimie baba," naye akapaza sauti, "Mkamwana anakuamkia," nawe ukaitikia huko ulikokuwa, "Marahaba, mwambie asante kwa kuja." Wenzangu wa Tunduma walinicheka sana. Wao wanakula meza moja na baba wakwe zao na kugombania rimoti. Lakini ninyi Wandali wa Isansa, mliohamia Mbozi kufuata kahawa, mliishika mila ya kwenu: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, na akikutana naye njiani anaingia shambani mpaka mzee apite. Kwetu Wanyiha heshima ipo, ila kwa ukali ule sikuwahi kuiona. Nilizoea. Hata humu jina lako siliandiki, na unajua si kwa woga.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni tangu tukuzike. Na barua hii naiacha wazi, aisome yeyote anayetaka, wanao wakiwa wa kwanza.

Juzi alikuja mteja pale steshenari ninapochapa na kutoa fotokopi. Ametoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na tableti mbili kwenye mfuko wa nailoni, anataka nimsaidie kuchagua ipi ampelekee mama yake kijijini, awe anasomea vitabu. Nikamuuliza mama anapenda kusoma nini. Hajui. Nikamuuliza macho yake yakoje. Hajui. Nikamuuliza kama kwa mama kuna umeme, akacheka, akasema, "Dada, we niambie tu ipi ina kioo kikali, maana siku ya kumkabidhi watu watakuwa wengi." Nilimrudishia mfuko wake, nikatoka nje nikatema mate. Sikuweza kujizuia. Nilikuwa nakuona wewe umekaa kwenye kile kiti cha sherehe, kofia mapajani, unachaguliwa cha kusomea.

Wewe na mimi tulijuana kwa sauti. Nilikujua kikohozi, nilikijua kishindo cha fimbo yako, niliujua mgongo wako na koti la kaki lililochakaa mabegani. Unakumbuka kusoma kulivyoanza? Nimekaa jikoni na mama tunachambua maharage, na ile sukari niliyokuja nayo ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti chenye hadithi. Nikaanza kumsomea mama. Mwanaume karudi safari, anakuta mlango umefungwa kwa ndani, anasikia mtu anacheka, halafu karatasi ikaisha. Upande wa pili wa ukuta wewe ukakohoa.

"Mama Lusekelo," ukasema, "hebu mwulize hiyo karatasi nyingine iko wapi."

Tulicheka mpaka mama akamwaga maharage. Kuanzia siku hiyo kila nilipokuja Isansa mama alinipa kitabu kutoka kwenye sanduku lako, lile ulilolijaza ulipokuwa karani wa chama cha ushirika, unapima kahawa za watu mchana na kusoma riwaya ukimaliza. Chama kilipokufa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, ulirudi shambani na sanduku. Wengine walirudi na kinyongo. Mimi nilikuwa namsomea mama. Hivyo ndivyo tulivyosema, na wote tulishika msemo huo. Mama mwenyewe alikuwa anasinzia kabla ya ukurasa wa pili, mimi napaza sauti kidogo, na wewe nyuma ya ukuta umesogeza kigoda karibu.

Halafu ilitokea ile riwaya yenye mtu wa jina lako. Mungu wangu, nilivyohangaika. Siwezi kulitamka, na huyo mtu hakosekani kwenye ukurasa hata mmoja. Nikawa nasema "yule bwana." Yule bwana akapanda basi, yule bwana akamwambia mkewe. Ulivumilia sura nzima, kisha nikasikia unamwambia mama, "Mwulize, huyo bwana asiye na jina ana kesi polisi?" Nilicheka peke yangu njia nzima kurudi Mlowo kupanda gari.

Kisha macho. Hospitali walisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitazidi kupungua. Ulianza kuvaa miwani myeusi hata ndani. Nilidhani basi, nitaongeza kukusomea, lakini ulimtuma mama neno ambalo sijalisahau. "Mwambie mkamwana namshukuru. Lakini kusomewa ni kulishwa. Mimi mkono bado ninao. Nataka nisome mwenyewe mpaka pale patakapofungwa."

Hilo tu ndilo uliloomba. Hukuomba bati jipya wala tangi la maji. Ulitaka muda uliobaki wa macho yako uutumie unavyotaka, na muda wenyewe ulikuwa mfupi. Ningekuwa na cheo katika ukoo ule ningepiga meza.

Nilianza na karatasi. Bosi wangu aliniruhusu kuchapa wakati duka halina watu, nikaanza na ile riwaya ya yule bwana. Jina lako nililichapa lilivyo, kila mahali. Nilijiambia vidole vyangu havikuolewa kwenu. Nikazitoa kwa herufi kubwa, mama akakukabidhi bunda, na nikasikia nyuma ya ukuta ule mlio wa karatasi kugeuzwa, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nasonga ugali, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikasikiliza. Nilifurahi, baba. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo katika nyumba ile.

Ila karatasi ikishachapwa imechapwa. Herufi zilizokutosha kahawa ikichanua hazikukutosha kahawa ikiiva. Nikachapa upya, kubwa zaidi, bunda likawa zito, upepo wa uwanjani unachukua karatasi na mama anazifukuza kwenye migomba. Nikajua tunahitaji kitu ambacho herufi zake zinakua kadiri macho yako yanavyopungua.

Kitu hicho nilikiona ng'ambo, Nakonde, nilikokwenda kufuata wino. Mama mmoja wa Kizambia alikuwa anasubiri basi, amekaa juani kabisa, jua la saa sita, ameshika kitu cheusi chembamba kama kitabu cha mazoezi na anasoma. Hafuniki kwa mkono wala hakunji uso. Mimi simu yangu nikitoka nayo juani siioni hata saa. Nikamsogelea.

"Mulishani, ba mayo," nikamsalimu kwa kile Kibemba changu cha sokoni.

"Bwino, mayo." Akaona ninavyokodolea, akanipa nishike. "Iyi ni ya kubelenga fye. Ya kusoma tu. Haipigi simu, haina muziki. Watoto wangu hawaitaki kabisa."

Nilikishika. Chepesi. Hakiwaki taa, herufi zimekaa kwenye kioo zimetulia kama zilizopigwa chapa. Akanionyesha pa kubonyeza ziongezeke, zikaongezeka, tena na tena, mpaka neno moja likajaa upana. Nikamuuliza kuhusu chaji. Akasema akishachaji husahau kabisa kwamba kuna kuchaji, mwezi unaweza kukatika. Nilikuwa nafikiria Isansa, ambako hata simu ya mama inapelekwa Mlowo kuchajiwa. Nilitaka kumkumbatia yule mama.

Nikaanza kuulizia kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Nikajua kuna aina na aina, na makampuni yanagombana. Kipo kimoja kinachokubali vitabu vya duka lake tu, lazima uwe na kadi ya benki na mtandao, na kwenye duka hilo nilitafuta Kiswahili nikakuta vitabu vya kuwafundisha watalii kuagiza chakula. Kipo kingine unachokichomeka kwenye kompyuta kwa waya ukaweka chochote ulichochapa mwenyewe. Halafu zipo tableti, zenye kila kitu, ambazo kusoma ni kazi yao ya mwisho. Kwa mtu kama wewe hakukuwa na cha kujadili. Kile cha waya. Mimi ninachapa, kinapokea, unakuza herufi, unasoma uwanjani, kwisha.

Nikamwambia mume wangu, Ambakisye wako. Akafurahi, na kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu akamwambia kaka yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Lusekelo wako unamjua. Wakala wa forodha, amezoea malori yampishe. Alisema jambo hilo ni kubwa, lifanywe na ukoo, na zawadi ikabidhiwe kwenye sherehe ya kumshukuru mzee baada ya mauzo ya kahawa. Akaita kikao nyumbani kwake Tunduma. Nilikuwa napitisha chai, na kila nilipopita nilisikia jinsi watu wazima wanavyokuchagulia macho. Mmoja anataka inchi nyingi. Mwingine anataka inayopiga picha mbele na nyuma. Binamu yao mmoja alisema tusinunue ile aliyonunuliwa mzee wa kanisa la jirani, tutaonekana tumeiga, tununue inayoizidi. Walibishana kuhusu rangi ya kasha, nyekundu au ya dhahabu. Hakuna aliyetaja herufi. Nikaweka birika chini nikasema kwamba baba hapigi picha, baba anasoma, na kipo cha kusoma tu.

"Kipoje?" akauliza Lusekelo.

Nikaeleza. Cheusi, hakina rangi, hakiwaki.

"Shemeji," akasema, tena kwa upole wa kumwelewesha mtoto, "mzee atoke mbele za watu na kitu kama kibao cha darasa la kwanza? Watasemaje?"

Watasemaje. Walikuwa wanakuchagulia kama watu wanavyochagua jeneza, kwa macho ya watakaokuja. Na Ambakisye wangu, mwalimu anayesimama mbele ya madarasa, alikuwa anatazama soksi zake. Njiani nilimwambia nimeona aibu kuwa mke wake. Akaenda akatoa akiba yetu, tukaagizia kile cha waya kutoka Lusaka kwa njia ya yule mama wa Nakonde. Nikakijaza vitabu vyako. Nikajaribu herufi zote, ndogo hadi kubwa, nikakaa nacho juani nyuma ya duka ili nione utakachoona.

Siku ya sherehe nilikuwa nyuma ya uzio wa jikoni na wanawake wenzangu, natazama kwenye upenyo. Naona kofia yako na mikono yako tu. MC wa kukodi kutoka Mlowo, jenereta linanguruma, spika mbili. Lusekelo akaingia na familia yake wakicheza, tableti kwenye sinia, imefunikwa kitambaa. MC akafunua kama anayefunua bibi harusi. Akataja inchi zake, watu wakapiga vigelegele. Akawasha video ya kwaya, watu wakasogea kutazama kwaya. Wakakupiga picha nayo, wakakuonyesha picha yako ambayo hukuiona, ukasema, "Asante, asanteni." Halafu Ambakisye akaitwa. Akaja peke yake, kichwa kimeinama. MC akakigeuza kile kidude, akakitafuta taa hakuna.

"Ndugu zangu, hiki nacho ni kalkuleta?" akauliza kwenye maiki.

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka walimu na mzee wa kanisa, na wanawake niliosimama nao jikoni wakacheka wakaanza kunitazama. Lusekelo akachukua maiki akasema mdogo wake ameleta mashine ya kupimia kahawa. Mikono yangu ilikuwa inanuka vitunguu, siwezi kuipeleka usoni.

Kisha MC akaongeza lake, ambalo hakutumwa. "Mzee wetu atuambie mwenyewe, kati ya hivi viwili anachagua kipi?"

Niliiona mikono yako. Ulipapasa tableti, ukaiweka. Ukakichukua cheusi, ukakizungusha, ukakisogeza karibu kabisa na uso, na bila mtu kukufundisha ukabonyeza pale pa kukuza. Niliona kidole kimesimama. Ulikuwa unasoma, baba. Katikati ya kelele zile ulisoma, naapa, maana kidole kilianza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia. Nikashika uzio.

Halafu ukakishusha. Ukasema, "Cha mkubwa kitangulie."

Walikupigia makofi kwa hekima yako. Mimi nilijua ulichofanya. Mzee hamvunjii mzaliwa wa kwanza heshima mbele ya watu, hiyo ni laana, na Lusekelo alilijua hilo vizuri kuliko wote aliposimama na maiki yake. Hakukuwa na kuchagua pale. Walikuuliza swali ambalo mila ilikuwa imeshakujibia, halafu wakaliita chaguo lako. Na mbele yetu sote Lusekelo akakitia cheusi kwenye mkoba wa mkewe, akisema viwili vitamchanganya mzee, yeye atakitunza.

Ile tableti sina la kuisifu. Mwanga wake ulikutoa machozi kama mwenye kumenya vitunguu. Uwanjani haionekani, ndani inakuumiza. Ukigusa ukingo, ukurasa unaruka. Ukinyamaza kidogo ufikirie ulichosoma, yenyewe inalala, na kuiamsha inataka uchore alama ambayo huioni. Kabla ya jua kuzama imezima, inapelekwa Mlowo kwenye kibanda cha kuchaji, inarudi kesho yake imejazwa nyimbo za watu na picha za wanawake wasiojisitiri. Mama aliwahi kuiwasha ili akutafutie kitabu, akakutana nazo. Akaizima, akaifunga kwenye kanga, akanawa mikono. Nilimwona akinawa.

Na Lusekelo akipiga simu, wewe unamwambia, "Kinasomeka vizuri, mwanangu. Mungu akubariki." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Siku ile nilikukasirikia hata wewe. Nilitamani nipasue ukuta nikuulize unamlinda nani, na kwa macho ya nani. Leo hasira hiyo imepungua lakini haijaisha, nisikudanganye.

Tulikwenda kukidai kile cheusi. Ambakisye alidai mara ya kwanza kwa adabu, akaambiwa kipo. Mara ya pili tukaenda wote. Shemeji zangu walikuwa wanatazama mpira. Juu ya kabati kuna televisheni, pembeni king'amuzi, na chini ya king'amuzi, kukiinua kisipate joto, kimelazwa kile kidude chako. Nilikitambua kwa ukingo. Nilipokivuta kioo kilikuwa kimepasuka kona hadi kona, na wino umetapakaa ndani kama dawa ya meno. Lusekelo akageuza shingo, akasema, "Hicho si kilikuwa hakiwaki?" Akarudi kwenye mpira wake.

Kichefuchefu nilichokisikia pale sikuwahi kukisikia hata nikiwa na mimba. Nilikitazama kile chumba, makochi yenye nailoni bado, maua ya plastiki, kila kitu kimenunuliwa kionekane. Nikafikiria kidole chako kinachotembea kushoto kwenda kulia. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo linasemwa hadi leo.

Nikarudi kwenye karatasi, ni kweli, lakini tulikuwa tumeshapoteza ule muda. Herufi zikawa kubwa mpaka ukurasa mmoja unabeba sentensi moja. Halafu maneno matatu. Halafu mama akanirudishia bunda zima likiwa limefungwa kwa kamba ya katani, akaniletea kitabu kutoka sandukuni na kigoda changu. Nikajua pamefungwa. Nikaanza kumsomea mama.

Hata hilo Lusekelo alilisikia. Alikuja Isansa na gari, akasimama jikoni na viatu vyake, akasema ni aibu kwa ukoo, mkamwana anamsomea baba mkwe hadithi za mapenzi, mila iko wapi. Yeye, aliyekutoa macho mbele ya spika, anauliza mila. Nilifunga kitabu. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa.

"Ananisomea mimi," akasema. "Wewe ulikuja kusikiliza?"

Nyuma ya ukuta wewe ukacheka. Kicheko chako kile kilinitosha chakula cha mwaka. Niliendelea pale nilipoishia, Lusekelo akiwa bado amesimama, na nilisoma sehemu ya mapenzi polepole makusudi.

Sasa nikueleze msiba wako, maana hukuuona. Waliweka meza mbele ya jeneza, juu yake tableti imeegemezwa kwenye chombo cha maua, inaonyesha picha zako zikipishana, wewe na Lusekelo, wewe na gari la Lusekelo, zote umevaa miwani myeusi. Kwenye wasifu wakasoma kwamba marehemu alikuwa mpenda maendeleo, na kwamba alisoma vitabu kwenye tableti aliyozawadiwa na mwanawe mkubwa hadi siku zake za mwisho. Watu wakaitikia kwa huzuni nzuri. Nilikuwa nimebeba beseni la vyombo. Kinyaa kilinijaa mdomoni, kinyaa cha kweli chenye ladha, na sikuwa na pa kukitemea kwenye uwanja ule uliofagiliwa. Sikumeza, na ndiyo maana ninaandika. Kwa hiyo na isomeke hapa, na aliyesoma wasifu ule aisome: mzee alisoma sentensi mbili tatu katika kioo alichokitaka, kwenye sherehe yake, watu wakiwa wanamcheka. Basi. Kwenye kile kingine hakusoma kitu.

Ambakisye anajua naandika haya. Amesoma hadi hapa, akaniambia niongeze kwamba alinyamaza kikaoni. Nimeongeza.

Kuna jambo moja limebaki, la kwangu na wewe.

Watu walipoanza kupanga mstari wa kukuaga, mimi nilibaki jikoni kama nilivyozoea. Dada yako, shangazi yetu, akanifuata nyuma kule, akanitoa beseni mikononi. "Njoo umuage baba yako," akaniambia. "Sasa hakuna tena cha kukwepa." Akanivuta kwa kiwiko, tukapita katikati ya wanaume, na mimi kwa mazoea ya miaka nimeinamisha kichwa hadi nikaona ubao wa jeneza. Shangazi akanishika kidevu akakiinua.

Nikakutazama usoni. Una kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, hakuna aliyewahi kuniambia. Masikio yako ndiyo ya Ambakisye. Walikuwa wamekuvua miwani. Nikayatafuta macho, yale niliyoyapimia herufi, niliyoyavukia mpaka, niliyoyagombania na ukoo mzima hadi wakaniita mkorofi. Yalikuwa yameshafumbwa. Namuuliza mama yalikuwaje, anasema yalikuwa mazuri, ya mtu mpole. Mimi sikuyaona.

Pumzika, baba.

Ni mimi, mkamwana wako,
mke wa Ambakisye,
Tunduma